Dashibodi ya klasta ya Kubernetes, kuanzia mashine tupu mpaka mwenzako wa Pemba aione kwenye brauza

Skuli ninayoitunzia mfumo ina jengo moja hapa Unguja na tawi moja Chake Chake. Mfumo wenyewe sio mkubwa, ni ada, mahudhurio na matokeo basi, lakini siku ya kutoa matokeo wazazi wote wanaingia pamoja baada ya Isha na hapo ndo utaijua klasta yako (mashine zinazouendesha mfumo) ikoje. Muda mrefu nilikuwa naendesha kila kitu kwa teminali, lile dirisha la kuandikia komandi, na mimi nikaona raha tu, tatizo lilikuwa upande wa pili wa maji. Mwalimu anaeangalia mfumo kule Chake akiona ukurasa haufunguki hana pa kutizama, anachoweza ni kunipigia simu, na mimi nikiwa kwenye daladala au nimelala basi wazazi wanasubiri na yeye anasubiri na hakuna anaejua kama ni intaneti, ni umeme au ni mfumo wenyewe.

Nimeweka dashibodi, yaani ukurasa wa brauza unaoonesha hali ya klasta, na sasa anaona mwenyewe. Nnaandika hapa kila hatua nilivyoifanya, pamoja na pale nilipokwama, mana miongozo mingi inaishia kwenye "fungua brauza utaona" na haikwambii nani umpe ruhusa ya nini, na mimi nadhani hapo ndo penye kazi yenyewe.

Kwanza ujue unajenga nini

Kubernetes ni neno la Kigiriki, maana yake nahodha, yule alieshika usukani, ndo mana nembo yake ni usukani wa chombo. Ilitoka Google mwaka 2014, na toleo la 1.0 likaja Julai 2015. Kontena ni programu iliyofungashwa pamoja na vitu vyake vyote. Unaiambia nataka kontena mbili za mfumo wa ada ziwe hai muda wote, yenyewe inahangaika, moja ikifa inawasha nyengine. Mashine zilizoshikana ndo klasta, kila mashine moja ni nodi, na kontena zinakaa ndani ya kitu kinaitwa podi.

Dashibodi haiengezi nguvu yoyote kwenye klasta. Kila inachokuonesha imeiuliza API ya Kubernetes, mlango wake wa kupokea maombi, ile ile ambayo kubectl, komandi ya kuendeshea klasta, inaiuliza, na inaona kile tu ambacho tokeni (maandishi marefu ya siri) uliyoingilia imeruhusiwa kukiona. Hili lishike, mbele huko litakuokolea muda mwingi.

Mimi natumia dashibodi inaitwa Headlamp. Miongozo mingi utakayoikuta bado inaelekeza ile Kubernetes Dashboard ya zamani, lakini ile imeshafungwa, haiendelezwi tena, na wenyewe wanaelekeza watu waende Headlamp, kwa hivyo usianze leo na kitu ambacho hakipati marekebisho ya usalama. Ipo pia k9s, nzuri sana, mimi naipenda, lakini inakaa kwenye teminali na mwalimu wangu wa Chake hatofungua teminali.

Na kabla hujaanza ujue hatari yake. Mwaka 2018 watafiti wa usalama walikuta dashibodi ya Kubernetes ya Tesla iko wazi kwenye intaneti haina hata paswadi, watu wameshaingia na wanachimbia sarafu za kidijitali kwenye mashine za kampuni. Kama kampuni kubwa vile imepatwa basi na sie tuwe makini, hakuna atakaekuja kutuuliza sie ni skuli ndogo au vipi, wale wanaotafuta milango wazi wanatumia programu inayozunguka intaneti nzima.

Mashine na k3s

Mimi nina kompyuta ndogo tatu za mitumba, kila moja RAM ya GB 8, zimewekwa Ubuntu. Moja ni kuu, mbili ni za kazi. Kwa k3s, ambayo ni Kubernetes iliyopunguzwa uzito, mashine kuu inataka angalau kore 2 na RAM ya GB 2, kwa hivyo hata mashine za zamani zinafaa. Zipe IP zisizobadilika kwenye rauta, zangu ni 192.168.1.10, 11 na 12, na kila moja iwe na jina lake, mana mashine mbili zikiwa na jina moja k3s itaikataa ya pili na utakaa unatafuta kosa kwengine kabisa.

Kwenye mashine kuu:

```
curl -sfL https://get.k3s.io | sh -
sudo cat /var/lib/rancher/k3s/server/node-token
```

Komandi ya pili inakupa tokeni ya kuunganishia nodi nyengine, inakili. Alafu kwenye kila mashine ya kazi:

```
curl -sfL https://get.k3s.io | K3S_URL=https://192.168.1.10:6443 K3S_TOKEN=bandika_tokeni_hapa sh -
```

Rudi mashine kuu uangalie:

```
sudo k3s kubectl get nodes
```

Unataka uone nodi tatu na zote `Ready`. Kama umewasha ufw, ukuta wa usalama wa Ubuntu, ruhusu bandari, yaani milango ya mtandao, 6443 ya TCP, 10250 ya TCP na 8472 ya UDP baina ya mashine zako wenyewe tu, na uruhusu pia mitandao ya ndani 10.42.0.0/16 na 10.43.0.0/16. Hiyo 8472 isionekane nje hata siku moja, mana anaeifikia anaingia kwenye mtandao wa podi moja kwa moja.

Sasa mkasa ulioniondolea usingizi. Mashine yangu moja kila umeme ukikatika ukirudi inagoma kujiunga na klasta, logi inaandika cheti kimeisha muda au bado hakijaanza kutumika. Nilifuta k3s nikaweka upya mara mbili, siku nzima imepotea. Kumbe betri ndogo ya ubaoni, ile ya duara CR2032, imekufa, mashine ikizimwa inasahau tarehe, inawaka inaamini tuko miaka ya nyuma huko na kwa tarehe hiyo vyeti vyote vinaonekana vya uongo. Mashine ya mtumba ibadilishe betri hiyo kabla hujafanya chochote, alafu uhakikishe saa inajiseti yenyewe kutoka mtandaoni:

```
sudo timedatectl set-ntp true
timedatectl
```

Umeme wenyewe sote tunaujua. Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima tulikaa gizani, na alieishi miezi ile haitaji kuambiwa anunue UPS. Nunua moja angalau ya mashine kuu na rauta. Ntarudi kwenye hili chini mana linaonekana mpaka kwenye dashibodi.

Kuiweka Headlamp

K3s inaweka faili la ufunguo kwa ajili ya root, msimamizi mkuu wa mashine, peke yake, kwa hivyo jitengenezee nakala yako, na hii chmod usiiruke:

```
mkdir -p ~/.kube
sudo cp /etc/rancher/k3s/k3s.yaml ~/.kube/config
sudo chown $USER ~/.kube/config
chmod 600 ~/.kube/config
export KUBECONFIG=~/.kube/config
```

Huo mstari wa mwisho uandike na kwenye `~/.bashrc`, la sivyo kesho ukifungua teminali mpya kubectl ya k3s itakwenda kwenye lile faili la root na itakwambia haina ruhusa ya kulisoma, watu wengi wanadhani klasta imekufa kumbe ni hichi tu.

Alafu Helm, ambayo ni chombo cha kuwekea programu kwenye klasta, na Headlamp yenyewe:

```
sudo snap install helm --classic
helm repo add headlamp https://kubernetes-sigs.github.io/headlamp/
helm repo update
helm install headlamp headlamp/headlamp \
  --namespace headlamp --create-namespace \
  --set clusterRoleBinding.create=false
kubectl -n headlamp get pods
```

Ule mstari wa `clusterRoleBinding.create=false` ni wangu na nataka ujue kwa nini nimeuweka. Headlamp ukiiweka bila ya kusema kitu inajipa yenyewe ruhusa ya juu kabisa ya klasta. Sie hatuihitaji hiyo, kila mtu ataingia kwa tokeni yake, na programu inayosikiliza kwenye mtandao sioni sababu ya kuiachia ufunguo wa nyumba nzima mfukoni.

Podi ikishaandika `Running` ijaribu kwanza kabla ya kwenda mbali. Kwenye laptopu yako ingia mashine kuu hivi:

```
ssh -L 8080:localhost:8080 jina_lako@192.168.1.10
```

na humo humo ndani endesha:

```
kubectl -n headlamp port-forward svc/headlamp 8080:80
```

Fungua brauza ya laptopu kwenye `http://localhost:8080`. Itakuomba tokeni. Hapo ndo tumefika penyewe.

Nani aone nini

Anza na akaunti yako wewe fundi:

```
kubectl -n headlamp create serviceaccount fundi
kubectl create clusterrolebinding fundi-yote \
  --clusterrole=cluster-admin --serviceaccount=headlamp:fundi
kubectl -n headlamp create token fundi
```

Komandi ya mwisho inatoa herufi nyingi, bandika kwenye brauza utaingia. Tokeni hii inaishi saa 1 tu alafu inakufa na mimi naiacha hivyo hivyo kwa akaunti ya fundi, kuitengeneza tena ni sekunde tano. Ukikuta mwongozo unakwambia uende ukatafute Secret (kihifadhio cha siri ndani ya klasta) ya akaunti iliyojitengeneza yenyewe jua ni wa zamani, tangu toleo la 1.24 hazijitengenezi tena.

Sasa mwenzako. Hapa nimeona watu, na mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikaribia kufanya hivyo, wanachukua ile tokeni ya fundi wanamrushia mtu WhatsApp, "ingia na hii". Yakhe, usifanye. Ile tokeni inaweza kufuta database ya matokeo ya wanafunzi wote kwa mibofyo miwili, na mtu anaefuta kwa bahati mbaya anafuta sawa sawa na alieazimia. Mwalimu wangu aliniomba dirisha la kuchungulia, sasa kwa nini nimpe funguo za nyumba? Mtengenezee yake:

```
kubectl -n headlamp create serviceaccount mwalimu-chake
kubectl create clusterrolebinding mwalimu-chake-ona \
  --clusterrole=view --serviceaccount=headlamp:mwalimu-chake
```

Ruhusa ya `view` imo tayari ndani ya Kubernetes. Inamruhusu aone podi, diploimenti (maelezo ya jinsi programu inavyotakiwa kuendeshwa), matukio na logi, lakini haimuoneshi Secret, yaani paswadi za database hazioni, na hawezi kuingia ndani ya kontena wala kubadilisha kitu. Ina pengo moja, haioneshi nodi, na mimi nilitaka aone nodi mana umeme ukikatika hapo ndo panapojulikana. Kwa hivyo unaengeza:

```
kubectl create clusterrole ona-nodi \
  --verb=get,list,watch --resource=nodes
kubectl create clusterrolebinding mwalimu-chake-nodi \
  --clusterrole=ona-nodi --serviceaccount=headlamp:mwalimu-chake
```

Alafu usiamini tu, ihoji klasta yenyewe:

```
kubectl auth can-i list pods -n skuli --as=system:serviceaccount:headlamp:mwalimu-chake
kubectl auth can-i get secrets -n skuli --as=system:serviceaccount:headlamp:mwalimu-chake
kubectl auth can-i delete deployments -n skuli --as=system:serviceaccount:headlamp:mwalimu-chake
```

Ya kwanza ijibu `yes`, mbili za chini zijibu `no`. Hiyo `skuli` ni nemspesi yangu, yaani fungu la klasta ninaloendeshea mfumo, wewe weka ya kwako. Na hapa pana tundu ambalo watu hawalioni: `view` haioni Secret lakini ConfigMap, kihifadhio cha mipangilio ya kawaida, inaiona, na mazingira (env) yaliyoandikwa wazi ndani ya diploimenti inayaona pia. Kama paswadi ya database umeiandika humo, na wengi tunaanza hivyo, basi mtazamaji wako anaisoma. Ihamishie kwenye Secret kwanza ndo umkaribishe mtu.

Tokeni yake mimi naipa wiki moja ili asinisumbue na nisimsumbue:

```
kubectl -n headlamp create token mwalimu-chake --duration=168h
```

Mtumie peke yake, usiiweke kwenye grupu la skuli. Na kila mtu awe na akaunti yake kwa jina lake, mana mtu akihama kazi unafuta akaunti yake moja na tokeni zake zote zinakufa hapo hapo, wengine hawaguswi:

```
kubectl -n headlamp delete serviceaccount mwalimu-chake
```

Kuivusha bahari

Ule mtindo wa ssh na port-forward ni wako wewe fundi, mwalimu hatoufanya. Unataka yeye afungue brauza tu. Njia rahisi ni kufungua bandari kwenye rauta dashibodi ionekane intaneti nzima, na mimi nakwambia usiifuate, kumbuka ile habari ya 2018. Weka WireGuard, handaki dogo la siri baina ya laptopu yake na mashine kuu.

Kwenye mashine kuu `sudo apt install wireguard`, tengeneza funguo kwa `wg genkey` na `wg pubkey`, alafu faili `/etc/wireguard/wg0.conf`:

```
[Interface]
Address = 10.8.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = ufunguo_wa_siri_wa_seva

[Peer]
PublicKey = ufunguo_wa_wazi_wa_laptopu
AllowedIPs = 10.8.0.2/32
```

Na kwenye laptopu ya Chake, ambayo ina programu ya WireGuard ya Windows:

```
[Interface]
Address = 10.8.0.2/24
PrivateKey = ufunguo_wa_siri_wa_laptopu

[Peer]
PublicKey = ufunguo_wa_wazi_wa_seva
Endpoint = IP_ya_ofisi:51820
AllowedIPs = 10.8.0.1/32
PersistentKeepalive = 25
```

Iwashe kwenye seva kwa `sudo systemctl enable --now wg-quick@wg0`, na kwenye rauta pitisha bandari 51820 ya UDP peke yake. Ile `AllowedIPs = 10.8.0.1/32` upande wa laptopu ina maana dashibodi tu ndo inapita handakini, YouTube na mambo mengine yanapita njia yake ya kawaida, bando la ofisi haliguswi. Usichague 10.42 wala 10.43 kwa handaki, hizo k3s inazitumia ndani.

Kama intaneti yenu ni ya laini ya simu kuna uwezekano mkubwa hamna IP yenu wenyewe, mnachangia na watu wengine, na hapo Endpoint haifanyi kazi hata ufanyeje. Suluhisho ni kukodi seva ndogo ya bei nafuu nje, iwe ndo kituo cha kukutania, mashine ya Unguja na laptopu ya Pemba zote zinaipigia yenyewe. Kituo kinachukua 10.8.0.1, mashine kuu inapata 10.8.0.3, `AllowedIPs` kwenye pande mbili inakuwa 10.8.0.0/24, na kwenye kituo unawasha `net.ipv4.ip_forward=1`. Kituo hicho kifunge vizuri, mana kila kitu kinapita kwake.

Kilichobaki ni kuipa dashibodi jina. K3s inakuja na Traefik, mlinzi wa mlangoni anaepokea maombi ya wavuti, kwa hivyo andika Ingress, yaani kanuni inayoiambia ombi la jina fulani lipelekwe wapi, kwenye faili `mlango.yaml`:

```
apiVersion: networking.k8s.io/v1
kind: Ingress
metadata:
  name: headlamp
  namespace: headlamp
spec:
  ingressClassName: traefik
  rules:
  - host: dashi.skuli.lan
    http:
      paths:
      - path: /
        pathType: Prefix
        backend:
          service:
            name: headlamp
            port:
              number: 80
```

`kubectl apply -f mlango.yaml`, alafu kwenye laptopu ya mwalimu fungua Notepad kama msimamizi, faili `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts`, chini kabisa engeza mstari `10.8.0.1 dashi.skuli.lan`. Kama umetumia kituo cha nje weka ile 10.8.0.3. Awashe WireGuard, aandike `http://dashi.skuli.lan`, abandike tokeni. Kama klasta yako iko kwenye seva ya kukodi yenye IP ya wazi simama kwanza, Traefik inasikiliza bandari 80 na 443 kwenye kila anuani ya mashine, funga hizo kwa upande wa nje kabla hujaweka Ingress hii.

Kumfundisha mtu kusoma

Mimi nilikaa na mwalimu kwa simu saa nzima na hiyo saa imenilipa kuliko komandi zote za juu. Sikumfundisha kila kitu. Nilimwambia chagua nemspesi ya skuli, nenda kwenye Pods, tizama safu mbili, hali na idadi ya kuwashwa upya.

`Running` na sufuri ni salama. `Pending` maana yake podi imekosa pa kukaa, mara nyingi RAM imejaa kwenye nodi zote. `ImagePullBackOff` ni klasta imeshindwa kushusha picha ya kontena (image, faili linalowashiwa kontena), ama jina limekosewa ama intaneti, na wakati mwengine Docker Hub, ghala la picha hizo, wenyewe wanakuzuia mana wana kikomo kwa asieingia na akaunti, na kwenye laini ya simu ile IP mnaichangia na watu kadhaa, kikomo kinaisha hata wewe hujashusha kitu. `CrashLoopBackOff` ni podi inawaka inakufa, inawaka inakufa, na klasta inasubiri sekunde 10, kisha 20, kisha 40, mpaka inafika dakika 5 baina ya majaribio, kwa hivyo usishangae umeshatengeneza kosa na bado imetulia tu.

Usiku wa matokeo ya muhula uliopita alinipigia, lakini safari hii hakusema "haufunguki". Alisema podi ya mfumo imewashwa upya mara sita, ameibofya, pameandikwa `OOMKilled` na namba 137. Yaani kontena ilitaka RAM zaidi ya niliyoiwekea ikauliwa. Mimi nilikuwa Fuoni kwenye arusi, nikafungua laptopu ndani ya gari, nikaipandisha kutoka 256Mi mpaka 512Mi, dakika tatu imekwisha. Bila ya ile sentensi yake ningeanza kutafuta kuanzia rauta.

Saa za kwenye logi mfafanulie mapema. Kontena nyingi zinaandika UTC, nyuma yetu kwa saa 3, juu ya hapo sie tunahesabu saa zetu kuanzia alfajiri. Logi ikiandika 17:00 hapa ni 20:00, yaani saa 2 ya usiku. Mwalimu aliniambia mfumo umeanguka saa kumi na moja jioni, nikapoteza nusu saa natafuta tatizo la jioni kumbe ni la baada ya Isha.

Na umeme. Nodi ikizimika itageuka `NotReady` chini ya dakika moja hivi, lakini podi zake klasta inasubiri kama dakika 5 ndo ianze kuziwasha kwenye nodi nyengine. Umeme ukirudi ndani ya hapo hakuna kinachohama na ni sawa. Ila podi ya database haitohama kamwe kama umetumia hifadhi ya kawaida ya k3s, ile local-path, mana data iko kwenye diski ya mashine ile ile, utaiona `Pending` na ujumbe kwamba hakuna nodi inayolingana na hifadhi yake. Usifute chochote hapo, washa ile mashine. Database yangu nimeifunga kwenye mashine yenye UPS kwa sababu hiyo. Mashine kuu ikizimika dashibodi nzima inapotea, lakini kontena zilizoko nodi nyengine zinaendelea kufanya kazi, kwa hivyo asikimbilie kuwatangazia wazazi kwamba mfumo umekufa kabla hajajaribu mfumo wenyewe.

Kumuengezea mkono mmoja

Baada ya miezi miwili mwalimu aliomba aweze kuwasha upya mfumo mwenyewe. Nilimpa, lakini hapo tu:

```
kubectl -n skuli create role washa-upya \
  --verb=get,list,watch,patch,update --resource=deployments.apps
kubectl -n skuli create rolebinding mwalimu-washa \
  --role=washa-upya --serviceaccount=headlamp:mwalimu-chake
```

Sasa anaona kitufe cha Restart kwenye diploimenti za nemspesi ya skuli. Ujue lakini ruhusa hii haitenganishi kuwasha upya na kubadilisha, anaeweza kuwasha upya anaweza pia kubadilisha picha ya kontena, kwa hivyo mpe mtu unaemuamini na ambae umeshakaa nae ukamfundisha.

Grafu za RAM na CPU utaziona bila ya kufanya kitu mana k3s imekuja na metrics-server, ila hiyo inajua ya sasa hivi tu, jana haikumbuki. Ukitaka historia weka Prometheus, inakula RAM nyingi, mimi kwenye mashine za GB 8 nimeiacha mpaka nipate nyengine.

Mara moja kwa mwezi, asubuhi ya Jumamosi skuli ikiwa imefungwa, naisogeza Headlamp mbele:

```
helm repo update
helm upgrade headlamp headlamp/headlamp -n headlamp --reuse-values
```

Ile `--reuse-values` inahakikisha lile zuio la ruhusa tuliloliweka mwanzo linabaki, hasa ukiengeza `--set` nyengine, mana hapo bila yake ruhusa ya juu inarudi kama ilivyokuja. Na kabla ya kugusa k3s yenyewe naizima kwa `sudo systemctl stop k3s`, nanakili folda `/var/lib/rancher/k3s/server/db` pamoja na faili la tokeni liliopo `/var/lib/rancher/k3s/server/token` kwenye flashi, naiwasha tena, na flashi inakwenda nyumbani na mimi, haibaki chumba kimoja na mashine.